Mama Hodi, Aliyerudi Kwenye Milango Iliyofungwa

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mliofika hapa mlimjua kwa jina la Mama Hodi, alizaliwa Jumatano tarehe 8 Juni 1966, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, katika nyumba ya pili kutoka ghala la pamba. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Saa hiyo si ya kukisia. Baba yetu, aliyekuwa karani wa mizani pale ghalani, aliiandika kwa penseli nyuma ya kadi ya kliniki, na kadi ipo. Mama anasema mtoto huyo hakusubiri mkunga avue viatu. Alitembea akiwa na miezi tisa, na tangu hapo, kwa maneno ya mama, kumkuta amekaa ilikuwa kama kuokota pesa njiani.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, kisha sekondari ya wasichana hadi 1983. Katika ripoti ya kidato cha pili mwalimu wa sayansi aliandika: "Ana akili. Anauliza kabla ya kuinua mkono." Baba alimwita akamsomea maneno hayo, akitaka ajirekebishe. Yeye akauliza, "Sasa swali lenyewe amelijibu?" Alipomaliza sekondari alifanya usafi na kuosha vyombo katika maabara ya hospitali kwa miaka mitatu. Wakubwa wa pale walipoona kwamba msafishaji anajua kila chupa inakaa wapi na kwa nini, wakampeleka chuo cha maabara mwezi Septemba 1987.

Akiwa mwaka wa pili chuoni, tarehe 4 Novemba 1988, tulimpoteza mdogo wake aliyemfuata. Alikuwa na miaka ishirini na mimba ya miezi saba. Aliugua siku tisa. Macho yake yalikuwa ya njano kama ua la alizeti, na watu walisema mengi, wengine wakamtaja jirani, wengine wakasema ni mimba yenyewe imekataa. Marehemu alifika kutoka chuoni siku ya mazishi, na hakulia mbele za watu. Alimshika mganga wa hospitali aliyemhudumia mdogo wake, akamuuliza ni ugonjwa gani. Mganga alisema ni ini. "Najua ni ini," alisema. "Nauliza ni nini kilichoingia kwenye ini." Kwa zama zile hakuna aliyekuwa na jibu pale. Tunaandika hili kwa sababu maisha yake yote yaliyofuata yalianzia hapo, ingawa mwenyewe hakupenda lisemwe.

Aliajiriwa kuwa mtaalamu wa maabara tarehe 1 Agosti 1990, na alitumikia maabara ya hospitali, kisha maabara ya mkoa, kwa miaka thelathini na minne bila kuhama kazi. Benchi lake lilikuwa la dirishani. Kiti chake kilibaki kipya, kwa kuwa alifanya kazi amesimama. Wenzake wanasema alikuwa na tabia ya kufungua friji la sampuli, kusoma joto lake, kulifunga, kuandika, na baada ya dakika ishirini kwenda tena. Walipomtania kwamba friji halitatoroka, alijibu, "Halitatoroka. Litazimika."

Ndoa yake nayo ilianzia maabara. Mwezi Februari 1992 sinki liliziba, akaletwa fundi bomba kijana, mrefu, mwenye maneno mengi. Alipomaliza kazi akataka kuondoka.

"Wewe fundi, unakwenda wapi na hiyo mikono?"

"Nimenawa, dada."

"Nimekuhesabia. Umenawa kwa sekunde nane."

"Na ulitaka ngapi?"

"Ishirini. Rudi."

Fundi alirudi akanawa. Wiki iliyofuata sinki liliziba tena, na wiki ya tatu tena, mpaka mkuu wa maabara akauliza ni sinki gani hili linaloziba kila Ijumaa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1993, na wakajaliwa watoto wawili, binti na mwana. Shemeji yetu yupo hapa na ameturuhusu kusema kwamba ni yeye aliyekuwa akitia pamba kwenye bomba lile. Katika miaka thelathini ya ndoa anakumbuka ugomvi mmoja tu mkubwa. Alimwambia mkewe, "Pumzika basi, kazi haiishi." Mkewe akamwambia, "Bomba likivuja kwa jirani wewe huamka. Na kwangu kunavuja."

Sasa tufike kwenye kazi aliyojulikana nayo zaidi, na ambayo ndani yake limo kosa alilotaka lisomwe leo. Ndugu walijadiliana kama linafaa kusomwa msibani. Mama ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Someni."

Kuna homa ya ini inayoitwa aina ya E. Huenea kwa maji yaliyoingiwa na kinyesi. Wengi wanaoipata huumwa siku chache, au hawajui kabisa, wakapona. Lakini kwa mama mjamzito, hasa miezi ya mwisho, inaweza kuua. Aliyewahi kuipata hubaki na alama katika damu, yaani kingamwili, kama kovu lililo ndani. Jicho halilioni, lakini kipimo kikilitafuta hulipata. Hospitalini walikuja wagonjwa wachache wa ugonjwa huu kila mwaka, na kwa hiyo ofisini ilisemwa kwamba katika mkoa wetu ni nadra. Marehemu hakukubali. "Anayekuja hospitali ni aliyezidiwa," alikuwa akisema. "Ambaye hakuzidiwa, nani amemuuliza?" Aliuliza hivyo katika vikao kwa miaka kumi na moja. Mwaka 2021 akapewa gari, vipimo na vijana watano, aende akawaulize.

Mpango ulikuwa mzuri. Mitaa na vijiji arobaini na viwili vilichaguliwa kwa kura, nyumba thelathini katika kila kimoja, na katika kila nyumba mtu mmoja, naye kwa kura ya karatasi, ili asichaguliwe yule mpole anayejitoa mwenyewe. Jumla watu 1,260. Kazi ilianza Jumatatu tarehe 5 Julai. Hapo ndipo alipopata jina la Mama Hodi, maana alitangulia mbele ya vijana akibisha kila mlango, na asipojibiwa alizunguka uani akabisha tena. Dereva wa gari la maabara alimuuliza siku moja, "Mama, sisi ni maabara au ni wauza mikeka?" Naye akamjibu, "Muuza mikeka angekuwa ameshauza. Washa gari."

Wiki ya kwanza walikuta nyumba kadhaa zimefungwa. Wakasubiri wenyewe warudi, barafu katika sanduku la sampuli ikayeyuka, na damu za watu kumi na mmoja zikaharibika. Hilo lilimuuma. Kumtoboa mtu mkono kisha kuimwaga damu yake, kwake ilikuwa sawa na wizi. Kwa hiyo tarehe 14 Julai aliandika katika daftari la kazi, kwa mwandiko wake: "Nyumba ikifungwa, piga hodi ya jirani." Ilionekana busara, na vijana wakaifuata. Kila siku waliwahi kurudi na barafu ikiwa bado ngumu. Katika nyumba 1,260, nyumba 231 zilikuwa zimefungwa, na katika kila moja ya hizo alipimwa jirani badala yake.

Majibu yalitoka Februari 2022. Watu 176 kati ya 1,260 walikuwa na alama ya ugonjwa, karibu mtu mmoja katika kila saba. Ilikuwa zaidi ya walivyodhani ofisini, na marehemu alipongezwa, akapewa cheti chenye fremu. Katika mtaa wa matanuri ya matofali, kule bondeni, alionekana mmoja katika wanane tu. Ripoti ilipelekwa kwenye kamati ya maji, iliyokuwa ikipanga mtaa gani uanze kupata bomba. Mitaa ilikuwa tisa. Mtaa wa matanuri ukawekwa wa tisa.

Katika kazi ile alijipima na yeye mwenyewe, kwa kuwa alisema hatamwomba mtu damu asiyoitoa. Alikuwa na alama. Alikuwa amewahi kuugua bila kujua. Alikaa chini, na dereva anasema ndiyo mara pekee aliyowahi kuona kile kiti kikikaliwa. Baadaye alimweleza mama kwamba Septemba ya mwaka 1988, alipokuja likizo, alikuwa na homa ya siku nne tuliyoiita malaria, na kwamba siku zile yeye na mdogo wake walikuwa wakichota katika mtungi mmoja. Hakuna wa kuthibitisha, maana alama haisemi ni ya mwaka gani. Alilisema hilo pia. Hakutaka tuamini zaidi ya alichokipima.

Jumapili tarehe 19 Juni 2022 alimsindikiza mumewe mtaa wa matanuri, alikoitwa kutazama pampu. Akakuta njia imejaa watu. Wanaume wanafua, wanawake wanasukana, vijana wamekaa barazani, redio kila upande. Akasimama katikati.

"Hawa wote wametoka wapi?"

Mama mmoja aliyekuwa akisugua sufuria akacheka. "Wametoka wapi tena, shoga? Si wa hapahapa."

"Mbona nilikuja hapa mwaka jana sikuwaona?"

"Ulikuja lini?"

"Julai. Siku za kazi. Saa nne, saa tano."

"Ee, basi! Mchana hapa utakuta paka na wenye maduka. Sisi tuko tanurini tangu alfajiri." Kisha akamtazama vizuri. "We si ndiye uliyemtoa damu jirani yangu? Kwangu ulipita kwa sababu ya kufuli."

Marehemu akamuuliza kule tanurini wanakunywa nini. Akaambiwa, maji ya lile dimbwi la kufinyangia udongo, yametulizwa kwenye pipa. Akauliza kama kuna wajawazito wanaofanya kazi kule. Yule mama akaacha kusugua. "Wapo," alisema. "Mkwe wangu alikuwa mmoja. Alifariki mwaka juzi, macho kama manjano ya kupikia."

Shemeji anasema walirudi nyumbani kwa miguu. Walipofika akashusha kile cheti ukutani, akakilaza kifudifudi juu ya kabati, akachukua daftari, akaanza kuhesabu milango. Katika nyumba tisini za mtaa wa matanuri, ambao kwa ukubwa wake ulihesabiwa kama mitaa mitatu, sitini na moja zilikuwa zimefungwa. Alikuwa amepima waliokuwa nyumbani saa nne asubuhi, wenye maduka na wenye visima vyao uani, akaandika kwamba ndio mtaa. Hakuna aliyemdanganya. Amri ilikuwa yake.

Siku iliyofuata alikwenda kwa mganga mkuu wa mkoa, akamweleza kosa, akaomba arudi. Mganga mkuu alimwambia, "Dada yangu, ripoti ikishafungwa imefungwa." Akajibu, "Ripoti imefungwa, mkubwa, lakini watu bado wanakunywa." Alikataliwa. Novemba akaenda tena, akakataliwa tena. Miezi hiyo haikuwa rahisi kwa mtu yeyote nyumbani. Alianza jambo akaliacha katikati, alivua viatu akavivaa, aliinuka mezani na tonge mkononi. Binti yake, ambaye ni muuguzi wa wodi ya wazazi, alimwambia, "Mama, umekosea mara moja katika miaka thelathini." Akamjibu, "Wao wamekunywa mara ngapi?"

Machi 2023 mganga mkuu alikubali, kwa sharti moja. Gari hakuna, vijana hakuna, muda wa kazi hakuna. Vipimo atapewa. Basi akarudi mwenyewe, kwa likizo yake na siku zake za mapumziko, alfajiri kabla watu hawajatoka na jioni wakisharudi, na Jumapili. Mumewe alibeba sanduku la barafu. Walianza na mtaa wa matanuri, kisha mitaa mingine yote, mpaka vijiji vya mbali. Mlango mmoja aliurudia mara saba. Wengine walimfokea. Kijana mmoja alimwambia, "Bibi, damu yangu ina kazi zake," naye akasimama mlangoni akimweleza mpaka chai ya kijana ikapoa, na kijana akatoa damu. Wanaume wa tanurini walimtungia utani kwamba ukisikia hodi mara tatu ni askari, mara nne ni Mama Hodi. Tuliwahi kumwambia kwamba watu wanamcheka. Alisema anayecheka yuko nyumbani, na hilo ndilo analolitaka.

Ilipofika mwisho wa Machi 2024 alikuwa amefungua milango 215 kati ya 231. Watu 99 kati ya hao 215 walikuwa na alama. Aliondoa majirani wote aliowapima badala yao, akaweka wenyewe. Hesabu ya mkoa mzima ikawa watu 245 kati ya 1,244, yaani mtu mmoja katika kila watano. Mtaa wa matanuri ukawa watu 41 kati ya 87. Karibu nusu. Tunaomba mliosikia msisahau: hesabu ya kwanza ilisema mmoja katika wanane, nayo haikuwa sahihi.

Maumivu ya tumbo yalimwanza Februari mwaka huu, akayaita njaa. Tarehe 15 Aprili aligunduliwa ana saratani ya kongosho, ikiwa imeshatambaa. Mwezi Juni macho yake yakawa ya njano. Alijua watu watasema nini. Alituita, akasema polepole ili tuandike: "Watasema nimekufa na ugonjwa wangu mwenyewe, kwamba nimeuokota kwenye hizo damu. Andikeni sivyo. Ni kongosho. Mtu akiogopa sindano kwa sababu yangu nitakuwa nimeharibu mara ya pili." Tumeandika. Ni kongosho.

Ripoti ya pili aliimalizia kitandani. Ukurasa wa kwanza unaeleza kosa, na neno "timu" halimo, ameandika "mimi". Shemeji aliifikisha ofisini Ijumaa tarehe 12 Julai. Aliporudi aliulizwa kama imepigwa muhuri, na muhuri ni wa tarehe gani, na nani aliyeupiga, na kama wino ulishika.

Tarehe 9 Agosti mganga mkuu alikuja kumjulia hali. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akashika kofia yake magotini.

"Nimeipokea, dada."

"Kupokea na kusoma ni vitu viwili."

"Nimeisoma. Mara mbili."

"Mtaa wa matanuri ni wa ngapi sasa?"

"Kamati inakaa tarehe 29."

"Sikukuuliza inakaa lini."

"Bado ni wa tisa," alisema mganga mkuu.

Marehemu alijaribu kuinuka. Binti yake alimzuia, naye akaondoa mkono wa binti yake, akainuka nusu, akasema, "Basi mimi sijamaliza." Wiki mbili za mwisho alikuwa akigeuka ubavu hadi ubavu. Aliulizia tarehe kila asubuhi. Alimsihi mumewe aende kwenye ile milango kumi na sita iliyobaki, kisha akamkataza, kwamba fundi bomba asitoboe watu. Hatutasema kwamba aliondoka kwa utulivu, maana haikuwa hivyo, na yeye asingependa tuandike kisichotokea. Alifariki Jumatano tarehe 21 Agosti 2024, saa kumi na dakika ishirini alasiri, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake. Alikuwa na miaka hamsini na minane, miezi miwili na siku kumi na tatu.

Jana, tukiwa tunapanga viti, mganga mkuu alikuja. Tulimwonyesha maandishi haya, tukamwomba ruhusa ya kusoma namba mbele ya watu kabla kamati haijakaa. Alisoma amesimama, mpaka ukurasa wa mwisho. Akasema, "Someni. Ila mmeandika kwamba nilikataa, hamkuandika kwa nini. Andikeni. Nilikataa kwa sababu saini ya ripoti ya kwanza ilikuwa yangu pia." Kisha akasema kwamba Alhamisi tarehe 29 ataisoma yeye mwenyewe ripoti ya pili mbele ya kamati, kuanzia ukurasa wa kwanza. Yupo hapa, amekaa safu ya pili. Wajumbe wanne wa kamati ya maji nao wapo. Na wa mtaa wa matanuri mmekuja wengi kuliko viti tulivyokodi, siku ya kazi, na tanuri zimezimwa. Tunawaomba msimame kidogo, ili wajumbe wawaone.

Asanteni. Mnaweza kukaa.

Marehemu ameacha mama mzazi, mume, binti mmoja na mwana mmoja, mkwe mmoja na wajukuu watatu, wadogo zake wawili, wenzake wa maabara, na milango kumi na sita, ambayo binti yake ameomba kuipokea.

Mwenyezi Mungu ampe mapumziko ambayo sisi tulishindwa kumlazimisha ayachukue, na amlaze kwa amani.